Reli Ndogo na Nchi Yake

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kazi ambayo wengine huiita mchezo wa watoto. Ni kazi ya kutengeneza mfano wa reli, yaani njia, stesheni, madaraja na magari yake, pamoja na nchi yote iizungukayo, milima na mito na mashamba, vyote vikawekwa juu ya meza moja. Katika Ulaya na Marekani wako watu wazima wengi, makarani, mafundi, waganga na mapadre, watumiao Jumamosi zao kwa kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, wala hawaoni haya.

Huenda msomaji wa Dirma akauliza, Jambo hilo latuhusu nini sisi? Tangu Mbulu hadi Katesh hakuna hata hatua moja ya reli. Wako wazee wetu ambao hawajalisikia gari la moshi likilia isipokuwa katika hadithi za vijana waliokwenda kazini. Basi twasema, ni kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliye na reli mlangoni pake huizoea, asiulize kitu. Sisi tusio nayo yatupasa tuulize kwa nini ilipita kule, isipite huku. Na swali hilo ramani ya karatasi hailijibu vema. Udongo uliofinyangwa kwa mikono hulijibu vizuri zaidi.

Yafaa kujua kwanza kwamba katika habari za reli mfano ulitangulia kitu chenyewe. Mnamo mwaka wa 1784 Mskoti mmoja, William Murdoch, aliyekuwa akifanya kazi Cornwall katika Uingereza, alitengeneza kigari kidogo cha magurudumu matatu kilichokwenda kwa nguvu ya mvuke. Kilikuwa kidogo, chaweza kuwekwa juu ya meza. Miaka 20 ikapita, na katika mwaka wa 1804 Richard Trevithick akaweka injini kubwa juu ya reli huko Penydarren, nchi ya Wales, ikavuta chuma pamoja na watu waliopanda juu yake. Baada ya hapo mambo yakageuka, kikubwa kikawa mwalimu na kidogo kikawa mwanafunzi. Katika mwaka wa 1859 palikuwa na reli ndogo imetandikwa katika bustani ya Saint-Cloud karibu na Paris, kwa ajili ya mtoto wa mfalme Napoleon III.

Lakini mtoto wa mfalme ni mmoja, na biashara haikui kwa mtoto mmoja. Walioieneza kazi hii katika nyumba za watu wa kawaida ni jamaa ya Märklin, wa mji wa Göppingen katika Ujerumani, ambao mwanzo wao ulikuwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya bati kwa ajili ya wanasesere. Katika mnada wa Leipzig wa mwaka wa 1891 walionyesha gari la moshi la kutiwa ufunguo kama saa, na reli zake zimekatwa vipande vipande. Huo ndio werevu wao. Mzazi alinunua gari mwaka huu, mwaka ujao akanunua vipande vya njia, mwaka wa tatu stesheni. Na kwa kuwa upana wa njia ulikuwa umewekwa kwa vipimo maalumu visivyobadilika, kipya kiliafikiana na cha zamani cha kipimo kile kile. Huko Liverpool naye Frank Hornby, karani wa hesabu, alipata hati ya serikali mwaka wa 1901 kwa vichezeo vyake vya vipande vya chuma vya kuunganishwa, na katika mwaka wa 1920 akaanza kuuza magari ya moshi yenye jina lake. Habari za makampuni mengine tutaziruka. Yatosha kusema kwamba kadiri vyumba vya watu wa mijini vilivyozidi kuwa vidogo, ndivyo na magari yalivyozidi kupungua, hata yakaweza kuzunguka juu ya meza ya kulia chakula.

Katika siku zile zote palikosekana jambo moja. Gari lilizunguka juu ya zulia, kati ya miguu ya viti, bila nchi yoyote. Halikutoka mahali wala halikwenda mahali. Katika miaka ya 1930 wakatokea watu waliochoshwa na hali hiyo, na mmojawapo alikuwa John Ahern, Mwingereza, aliyejenga reli yake aliyoiita Madder Valley. Yeye alianza na bonde, na mji wenye vichochoro, na bandari, na mto, kisha reli ikapitishwa humo kama vile reli za kweli zipitishwavyo katika nchi iliyokwisha kuwapo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini liligeuza kazi nzima. Tangu hapo fundi wa reli ndogo hana budi kuwa pia mjuzi wa udongo, wa maji, wa mimea, na wa nyumba za watu.

Wa pili ndiye tumpendaye zaidi. Huyu ni Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka wa 1925. Alikaa karibu na bonde moja la wakulima, akaona kwamba nyumba za zamani zenye mapaa ya nyasi zinabomolewa au kubadilishwa mwaka hata mwaka, wala hakuna aliyejali. Akaazimu kuzihifadhi kwa njia ya mifano. Alipima kuta, akahesabu madirisha, akaandika rangi ya kila jiwe, kisha akazijenga upya kwa kadibodi, nyumba moja ikimchukua miezi mingi. Katika mwaka wa 1954 yeye na wenzake wakaanzisha nyumba ya makumbusho, iitwayo Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, ambayo ndani yake imewekwa hata reli ile ya Ahern. Wageni waendao huko huona kijiji cha Kiingereza kama kilivyokuwa kabla ya vita vya mwaka 1939, hata mboga katika bustani. Nyingi za nyumba zile zenyewe zimebadilika au zimetoweka.

Hapa mtu wa Mbulu ana la kufikiri. Zamani Wairaqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa la udongo likawa sawasawa na ardhi ya nyuma, hata adui aliyekuja kuteka ng'ombe aliweza kupita karibu asijue kwamba amepita nyumba ya watu. Ni vijana wangapi leo wawezao kueleza jinsi nguzo za nyumba hiyo zilivyosimamishwa, na ng'ombe walilala upande gani, na moshi ulitokea wapi? Wazee wajuao wamebaki wachache. Kadibodi na udongo vipo tele.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nchi ya Tanzania ina reli za upana wa namna tatu. Ya kwanza ni reli ya mita moja, iliyoanzwa Tanga mwaka wa 1893, na Dar es Salaam mwaka wa 1905. Ya pili ni ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China tangu 1970 na kukabidhiwa mwaka wa 1976, na upana wake ni milimita 1,067. Ya tatu ni njia mpya ya gari la umeme, ambalo lilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka wa 2024, na upana wake ni milimita 1,435. Kipimo kitumiwacho zaidi na watu wa kazi hii duniani ni moja kwa 87, yaani kitu chenye urefu wa mita 87 huwa mita moja juu ya meza. Wanafunzi na wagawe wenyewe. Njia ya umeme itakuwa milimita 16 na nusu, ya TAZARA itapita 12 kidogo, na njia ya Tanga itakuwa milimita 11 na nusu. Kufikia hapo kila kitu ni chepesi.

Lakini igawe nchi kwa 87 uone. Toka Tanga hadi Moshi ni kilometa 352 za njia. Juu ya meza zitakuwa kilometa 4 na zaidi. Mlima Hanang una urefu wa karibu mita 3,420 juu ya bahari. Mfano wake ungekuwa mita 39. Hata tukihesabu toka uwandani tu, bado ungelipita paa la nyumba yetu mara nyingi. Basi twaona kwamba chuma hukubali kupunguzwa kwa haki, lakini nchi haikubali. Fundi hana budi kuchagua. Atatwaa stesheni tatu kati ya thelathini, na kilima kimoja badala ya safu nzima, na kona ya njia ataificha nyuma ya msitu ili mtazamaji asiijue. Kila achaguacho chaonyesha ni jambo gani alilolifahamu katika historia ya nchi ile, na kila aachacho vilevile. Sisi twaona kwamba kwa mwalimu sehemu hii ndiyo yenye faida kuu, kupita reli zenyewe.

Pamoja na wanafunzi wetu tulitwaa njia ya Tanga, tukaijenga siku za Jumamosi, juu ya mbao zenye urefu wa mita 3 na upana wa mita moja. Tulichagua kipimo cha moja kwa 50, kwani waya na bati la makopo havikubali kazi ndogo zaidi, na reli ya mita moja huwa sentimita 2 kamili, jambo linalorahisisha hesabu. Kwa kipimo hicho mbao zetu zote ni mita 150 tu za nchi ya kweli. Humo ilitupasa kutia bahari, mkonge, Usambara, nyika ya Upare, na Kilimanjaro kwa mbali, uliochorwa ukutani kwa chokaa na masizi.

Milima tuliijenga hivi. Kwanza vijiti vilivyofungwa kwa kamba, kama kiunzi cha nyumba. Juu yake magunia makuukuu. Juu ya magunia karatasi za magazeti zilizolowekwa katika uji wa unga. Na mwisho udongo wa kichuguu uliochujwa na kuchanganywa na majivu ili usipasuke ukikauka. Nyasi ni unga wa msumeno uliotiwa rangi kwa majani yaliyopondwa. Miti ni mizizi ya nyasi iliyogeuzwa juu chini. Mataruma ni vijiti vya mtama vilivyokatwa sawasawa, na reli ni waya ulionyoshwa kwa kuvutwa baina ya miti miwili. Gari letu ni la bati, nalo huvutwa kwa uzi mwembamba upitao chini ya mbao. Wako wazungushao magari yao kwa umeme na mitambo ya ajabu. Kule Hamburg yako maonyesho makubwa yaliyofunguliwa mwaka wa 2001 ambamo mamia ya magari huendeshwa pamoja. Uzi wetu hauna fahari hiyo, lakini haukatikiwi na umeme.

Kabla ya kutandika waya tulifanya jaribio ambalo twamsihi kila mwalimu alifanye. Udongo ulipokauka, tulimimina maji juu ya milima kwa kopo lenye matundu, polepole kama mvua, kisha kwa nguvu. Maji hayakwenda pale tulipochora mito. Yalikwenda yalikotaka, yakachimba, yakalundika tope katika mahali palepale wanafunzi walipokusudia kuweka tuta la reli. Tukahamisha tuta, tukaweka madaraja madogo saba ambayo mwanzo hayakuwamo katika mpango wetu. Wahandisi wa kweli huyajua mambo haya. Katika Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Gulwe, njia hufuata bonde la Mto Mkondoa, na mafuriko yameivunja mara nyingi. Yale ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalisimamisha safari. Na sisi wa Hanang hatuhitaji kwenda Kilosa kujifunza. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Watoto waliosimama kuzunguka mbao zetu waliyatazama maji yale ya kopo bila kusema neno.

Tukaanza na Tanga. Mkonge ulitupatia kazi kubwa, kwa sababu hauoti ovyo, bali husimama kwa mistari kama askari. Wanafunzi walikata majani yake kwa karatasi ngumu, na hesabu waliyoichagua wenyewe ni miche 62. Sababu ni hii: mwaka ule ule wa 1893 ulioanzwa njia, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani, na katika hiyo ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Reli na mkonge basi ni pacha. Njia ilifika Muheza mwaka wa 1896, na huko ikasimama, kwa kuwa kampuni ilifilisika. Serikali ya Wajerumani ikaitwaa mwaka wa 1899, ikaifikisha Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Kwa miaka 18 wajenzi walitembea kandokando ya milima ya Usambara na Upare bila kuipanda, milima ikiwa mkono wa kuume daima kwa mtu atokaye pwani. Ndiyo sababu mfano wetu una milima upande mmoja tu. Na Moshi yenyewe, tuijuayo leo, ni mji wa stesheni. Moshi ya zamani, kwa Mangi, i juu mlimani.

Palikuwa na reli moja iliyothubutu kupanda Usambara Mashariki, nyembamba ya sentimita 75, toka Tengeni hadi Sigi, iliyofunguliwa 1910 kwa ajili ya kuteremsha magogo. Mahali palipokuwa pakali mno kwa kona, injini ilipanda mbele hadi mwisho wa kipande cha njia, ikasimama, kisha ikapanda kinyumenyume kipande cha pili, kama mtu apandaye mlima akienda upande huu na upande huu. Reli hiyo haipo tena. Hatukuwa na nafasi ya kuiweka yote, lakini tuliweka kona moja ya namna hiyo pembeni, na watoto huipenda kuliko Kilimanjaro.

Ilibaki habari ya watu. Mifano mingi ya Ulaya ina abiria wenye kofia, na wauza magazeti, na mbwa. Sisi tulisema kwamba tuta la reli halikuinuka lenyewe. Mtu mwenye kimo cha mita 1.70 kwa kipimo chetu ni milimita 34, yaani njiti ya kiberiti iliyopunguzwa kidogo. Tukawaweka watu wa njiti juu ya tuta, wengine na majembe, wengine na vikapu vichwani. Katika reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, iliyoanzwa 1896 na kufika Kisumu 1901, waliletwa wafanya kazi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 katika hao walikufa. Katika Reli ya Kati, iliyofika Kigoma 1914, Wanyamwezi na Wasukuma walichimba kilometa nyingi mno, na majina yao hayakuandikwa katika stesheni yoyote. Kiberiti kimoja hakikutosha. Tulitumia vitatu.

Kisha wanafunzi wakauliza lile swali. Mbao zilikwisha hapo Moshi, tukaongeza ubao wa Arusha, maana Waingereza walifikisha njia huko mwaka wa 1929. Baada ya Arusha, je? Tuliwaeleza kwamba Wajerumani tangu mwanzo walinuia kuifikisha njia ya Tanga Ziwa Viktoria, na kwamba serikali za baadaye nazo zimetunga mpango wa njia ya Tanga, Arusha, na Musoma, pamoja na tawi la Minjingu kwa ajili ya mbolea. Mpango huo bado u katika karatasi. Tukawaeleza pia kwamba reli iliyotukaribia kuliko zote ilitoka upande mwingine. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi toka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, na katika miaka ya 1940 wakaling'oa, kwa kuwa mizigo haikulipa gharama. Njia ya Singida ilijengwa tena mwishoni mwa karne ya 20. Ya Kinyangiri haikurudi.

Basi tukajenga ubao wa tatu, wa nchi yetu wenyewe, Hanang, na ziwa la Balangida, na ukuta wa Bonde la Ufa hadi vilima vya Mbulu. Tuliwapa wanafunzi kanuni moja tu, kwamba wahandisi kwa kawaida hawapendi njia ipande zaidi ya mita 2 katika kila mita 100. Wakapiga hesabu kwa mkaa ukutani. Kila mita 300 za kupanda zataka kilometa 15 za njia. Wakatafuta bonde la kuzungushia kilometa hizo, wakijaribu kwa kamba. Mmoja akataka kona za Sigi. Mwingine, aliyesikia kwamba Waingereza waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma katika ukuta wa Kikuyu kabla njia ya kudumu haijakwisha, akataka kamba. Wa tatu, mtoto wa mfugaji wa Kibarabaig, akauliza gari likipanda litachukua nini, na likishuka litachukua nini, maana ng'ombe hutembea wenyewe, na ngano hupakiwa katika malori.

Walibishana Jumamosi mbili. Mwisho walipatana kutandika mataruma tu, bila waya, toka ukingo wa ubao hadi chini ya ukuta. Juu ya ukuta wakajenga nyumba moja ya kuchimbwa kilimani, kwa maelezo ya babu wa mmoja wao, na mbele yake ng'ombe wa udongo, wakubwa kupita kipimo, kwa kuwa aliyewafinyanga alikataa katakata kuwapunguza.